Mafuta ya tumboni kwa kovu la sikioni

Wiki mbili zilizopita mdogo wangu wa kiume alinipigia simu kutoka mwaloni Igombe, kando ya Ziwa Victoria, na baada ya shikamoo na habari za watoto akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria tangu siku ile. Alikuwa ameona kwenye simu yake tangazo la kliniki moja iliyo nje ya nchi, linalosema kwamba mafuta hunyonywa tumboni mwa mgonjwa mwenyewe, seli shina zilizomo (seli zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine) hutenganishwa, kisha hudungwa kwenye kovu lililovimba ili lilainike na kulala sawa na ngozi. "Dada, hii si ndiyo tiba yetu sote wawili?" aliniuliza. Gharama waliyomtajia inazidi thamani ya mtumbwi wake pamoja na injini yake, na nilisikia katika sauti yake kwamba alikwisha kuanza kupiga hesabu za kuviuza.

Nilimwomba anipe muda nisome kwanza. Ninayoyaandika hapa ni jibu nililompa, nikiwa nimelipanua kwa sababu nawajua watu wengi kando ya ziwa hili wenye makovu kama yetu, na matangazo hayo yanawafikia nao. Mimi si daktari. Ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari hapa Mwanza, na nimeishi na keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua kupita jeraha lenyewe, kwa miaka 11.

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba makovu yetu si ya aina moja, ingawa yote mawili yamenyanyuka, yanawasha na yanang'aa. La kwake lilitokana na karabai iliyomlipukia usiku wa giza wakivua dagaa, miezi 14 iliyopita. Mafuta ya taa yaliunguza mkono wake wa kulia kuanzia juu ya kiwiko hadi karibu na kifundo, na kidonda kilichukua zaidi ya mwezi kufunga. Kidonda cha moto kinachochelewa kupona zaidi ya wiki tatu kina hatari kubwa ya kuacha kovu nene. Kovu la namna hiyo huanza kuinuka ndani ya wiki chache, hubaki ndani ya mipaka ya jeraha lenyewe, na mara nyingi hupungua lenyewe taratibu kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. La kwangu lilianza kwa tundu la pili la hereni nililotobolewa nikiwa na miaka 19. Tundu lilipona vizuri, nikavaa hereni zangu, na baada ya miezi kadhaa kikatokea kijinundu nyuma ya ndewe, kikakua hadi kufikia ukubwa wa harage. Hiyo ndiyo tabia ya keloidi: huweza kuchelewa, halafu huvuka mipaka ya jeraha na kuingia kwenye ngozi ambayo haikuguswa kamwe, na ni nadra sana irudi nyuma yenyewe. Daktari wa ngozi Mfaransa Jean-Louis Alibert, aliyeieleza mwanzoni mwa karne ya 19, aliipa jina linalotokana na neno la Kigiriki la gando la kaa, kwa jinsi inavyotambaa kando kando. Kila ninapoitazama kwenye kioo naona kwamba hakukosea.

Nyumbani kwetu husemwa kwamba keloidi ina mzizi. Marehemu shangazi yangu aliamini hivyo kwa dhati, na nilipokatwa nundu ile kwenye zahanati moja ya mtaani, kisha ikarudi baada ya miezi mitano ikiwa kubwa kama tunda la zambarau, alinishika sikio kwa upole akasema, "Mwanangu, walikata shina wakaacha mzizi." Nilimwamini kwa miaka mingi. Leo najua kwamba alikosea kwa namna inayofundisha, kwa sababu keloidi haina mzizi uliobaki chini ukichipua. Jeraha jipya la kisu ndilo linaloiamsha upya, katika mwili ambao tayari una mwelekeo wa kujenga kovu kupita kiasi. Tafiti zilizofuatilia watu waliokatwa keloidi bila tiba nyingine yoyote ya kusindikiza zimeonyesha kwamba hurudi kwa asilimia 45 hadi 100. Mtu aliyenikata hakunieleza hayo, hakunipangia sindano, wala hakuniambia nirudi. Namsamehe, lakini nasikitika kila ninaposikia kwamba mwingine amekatwa vivyo hivyo.

Ili kuelewa kile ambacho tangazo linaahidi, ni lazima kwanza kuelewa kinachoharibika. Ngozi ikijeruhiwa, seli ziitwazo faibroblasti huingia kwenye jeraha na kutandaza nyuzi za kolajeni, ambayo ndiyo protini inayoipa ngozi uimara wake. Baadhi yake hubadilika na kupata nguvu ya kujikunja kama msuli, zikavuta kingo za jeraha zikutane. Kazi ikiisha, seli hizo hutakiwa kufa au kutulia, na kolajeni iliyozidi hukatwakatwa na vimeng'enya. Katika kovu lililovimba amri ya kuacha kazi haifiki, au inafika ikiwa dhaifu: uvimbe wa ndani unaendelea, seli za kinga zinaendelea kutoa ishara za kemikali, na ishara moja iitwayo TGF-beta 1 inaendelea kuziamuru faibroblasti zijenge. Kwa hiyo dawa yoyote ya kweli ya kovu kama letu ni lazima ifanye moja kati ya mambo mawili, ama inyamazishe amri hiyo, ama ibomoe kile kilichojengwa.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia, na nakiri kwamba nilipoanza kusoma nilivutiwa sana. Mwaka 1893 daktari mpasuaji wa Kijerumani Gustav Neuber alihamisha vipande vidogo vya mafuta kutoka mkononi mwa mgonjwa na kujazia kovu la usoni. Kovu lile lilikuwa limebonyea, halikuwa limevimba. Kwa muda mrefu mafuta yalikuwa kitu cha kujazia mashimo tu. Kisha mwaka 2001 Patricia Zuk na wenzake nchini Marekani wakaonyesha kwamba ndani ya mafuta yanayotupwa baada ya kunyonywa zimo seli ambazo maabara inaweza kuzielekeza ziwe seli za mafuta, za mfupa, za gegedu au za misuli. Mwaka 2007 Gino Rigotti na wenzake wa Verona, Italia, wakaeleza jinsi walivyodunga mafuta yaliyosafishwa kwenye ngozi iliyoharibiwa na tiba ya mionzi ya saratani, ngozi ngumu yenye vidonda visivyofunga, na wagonjwa wengi wakapata nafuu. Madaktari waliodunga mafuta chini ya makovu ya zamani nao wakaanza kuandika kwamba ngozi iliyokuwa imegandamana na mfupa ililainika, na maumivu yalipungua.

Maelezo yanayotolewa sasa ni kwamba seli hizo hazigeuki kuwa ngozi mpya, kama tangazo la mdogo wangu linavyodai. Nyingi hufa au hutoweka baada ya muda. Kazi yao kubwa hufanyika kwa kile zinachokitoa, yaani protini na vifuko vidogo sana vinavyobeba ujumbe kutoka seli moja kwenda nyingine, ambavyo hupoza uvimbe, huzielekeza seli za kinga ziache kushambulia na zianze kutengeneza, na hupunguza nguvu ya ile amri ya TGF-beta 1. Katika maabara, faibroblasti zilizotolewa kwenye keloidi za watu zikiwekwa ndani ya majimaji yaliyokuwa yakikuzia seli za mafuta, hupunguza utengenezaji wa kolajeni. Katika masikio ya sungura, ambayo ndiyo mfano unaotumiwa sana na watafiti wa makovu manene, kudunga seli hizo kumefanya makovu yawe membamba zaidi. Nimeyasoma haya kwa furaha ya kweli, na sitaki msomaji adhani kwamba ni porojo za wauzaji.

Lakini sungura hapati keloidi. Hakuna mnyama anayejulikana kupata keloidi kama ya binadamu, na ndiyo maana watafiti hulazimika kuchukua kipande cha keloidi ya mtu na kukipandikiza chini ya ngozi ya panya aliyeondolewa kinga ya mwili ili kuona dawa inafanya nini. Kipande hicho kimetengwa na mwili uliokizaa, hakina mvutano wa ngozi ya kifuani au ya begani, na kipo ndani ya mnyama asiye na seli za kinga ambazo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Matokeo yanayopatikana humo yanatupa fununu nzuri, ila hayawezi kuniambia sikio langu litafanya nini.

Kwa binadamu, taarifa nyingi ni za wagonjwa wachache wachache, bila kundi la kulinganisha, na kovu la moto kama la mdogo wangu hupungua lenyewe kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo ukidunga kitu chochote kwenye kovu changa na kupima baada ya mwaka utaona nafuu. Ndiyo maana nilitafuta majaribio yaliyolinganisha. Mwaka 2017 jarida la Burns lilichapisha jaribio dogo ambamo sehemu moja ya kovu la moto lililokomaa ilidungwa mafuta ya mgonjwa mwenyewe na sehemu nyingine ikadungwa maji ya chumvi, bila mgonjwa wala mpimaji kujua ipi ni ipi, na mafuta hayakuonyesha kushinda maji ya chumvi katika mwonekano wa kovu. Jaribio hilo ni dogo mno kufunga mjadala. Hata hivyo, nilimsomea mdogo wangu matokeo yake kwenye simu, naye akanyamaza kwa muda.

Kitu kilichonikasirisha zaidi katika tangazo lile ni jinsi linavyochanganya vitu vinne tofauti chini ya jina moja. Kuna mafuta yenyewe, yaliyonyonywa, yakasafishwa na kurudishwa. Kuna mafuta yaliyosagwa na kuchujwa hadi seli kubwa za mafuta zikapasuka na kubaki majimaji yanayopita kwenye sindano nyembamba, njia aliyoichapisha Patrick Tonnard wa Ubelgiji na wenzake mwaka 2013. Kuna mchanganyiko wa seli unaopatikana kwa kuyayeyusha mafuta kwa kimeng'enya cha kolajenasi katika joto la nyuzi 37 na kuyazungusha kwenye mashine kwa kasi, hadi seli nzito zikakaa chini. Humo seli shina ni sehemu tu, pamoja na seli za mishipa ya damu, seli za kinga na chembe za damu. Na kuna seli shina zilizochambuliwa na kukuzwa maabara kwa wiki kadhaa, ambazo zinahitaji chumba safi kabisa, vipimo vya vijidudu na uhakiki wa alama za utambulisho zilizokubaliwa kimataifa mwaka 2006. Matokeo ya kimoja hayawezi kudaiwa kuwa ya kingine. Ni sawa na mtu kukuuzia sangara, sato na furu kwa bei moja akisema wote ni samaki.

Sheria nazo zinavitofautisha. Nchini Marekani, mahakama ya rufaa iliamua Septemba 2024 kwamba ule mchanganyiko wa seli za mafuta ni dawa, na kwa hiyo unasimamiwa na mamlaka ya dawa hata kama mafuta ni ya mgonjwa mwenyewe. Uangalifu huo una sababu yake: mwaka 2017 madaktari waliripoti habari za wanawake watatu wa Florida waliodungwa seli za mafuta yao wenyewe machoni kwenye kliniki iliyowatoza fedha, na wakapoteza uwezo wa kuona kwa kiasi kikubwa au kabisa. Barani Ulaya, dawa ya seli shina za mafuta iitwayo Alofisel iliidhinishwa mwaka 2018 kwa ajili ya fistula (matundu yasiyofunga karibu na njia ya haja kubwa) za ugonjwa wa utumbo uitwao Crohn, kisha ikaondolewa sokoni mwishoni mwa mwaka 2024 baada ya jaribio kubwa zaidi kushindwa kuthibitisha faida yake. Haikuwa dawa ya makovu. Naitaja kwa sababu ilitengenezwa kwa uangalifu wote ambao kliniki ya tangazo letu haiwezi hata kuuota, na bado haikusimama.

Kwa mwenye keloidi lipo jambo jingine ambalo sikuliona limetajwa popote katika tangazo, na ndilo lililoniamulia mimi binafsi. Kunyonya mafuta ni kutoboa ngozi. Matundu ni madogo, ya milimita chache, lakini keloidi yangu ilianza na tundu la hereni. Mwili ambao umeshaonyesha kwamba hauwezi kusamehe tundu la sindano sikioni unaombwa ukubali matundu mawili au matatu tumboni, na bomba linalopitishwa huku na huku chini ya ngozi, ili kutibu nundu moja. Aidha, seli hizi hutoa pia ishara za kuotesha mishipa mipya ya damu, jambo ambalo ni baraka kwa kidonda kisichofunga, lakini kingo za keloidi zinazokua tayari zina mishipa mingi. Mtu akinialika kwenye utafiti wenye kibali cha maadili kinachotolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, wenye karatasi ya ridhaa inayosomeka kwa Kiswahili, wenye ufuatiliaji wa angalau miaka miwili kwa kuwa keloidi hupenda kurudi kwa kuchelewa, na usionitoza fedha, nitakwenda kusikiliza. Kulipia ili nijaribiwe, hapana.

Wakati huohuo tiba zilizopo hazijatumiwa ipasavyo kwa wengi wetu, na hili ndilo linaloniuma. Mtaalamu wa ngozi anayenihudumia alisomea Moshi, kwenye kile kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda kilichoanzishwa katika hospitali ya KCMC mwaka 1992, ambacho kimewaandaa wahudumu wengi wa ngozi waliotawanyika mikoani. Ananidunga triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndani ya nundu kila baada ya wiki nne hadi sita. Sindano inauma, siwezi kudanganya. Nundu ni ngumu na dawa inasukumwa kwa nguvu. Baada ya sindano ya tatu kuwashwa kuliisha, na baada ya ya tano nundu ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu. Imeniachia pia duara jeupe kwenye ndewe, kwa sababu dawa hii hupunguza rangi na unene wa ngozi, na aliniambia hayo kabla hajaanza. Huanza kwa kuigandisha nundu kwa naitrojeni ya kimiminika inapopatikana, kwani ikilainika dawa huingia vizuri zaidi. Wenye keloidi kubwa sana hukatwa, lakini kwa mpango: sindano huanza mapema baada ya kukatwa, au mionzi hutolewa ndani ya siku moja hadi tatu, na kwa sikio huongezwa hereni ya kubana. Mionzi hapa nchini inapatikana kwenye vituo vichache, vikiwamo taasisi ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam na hospitali ya Bugando hapa kwetu, na wenye haki ya kwanza ya mashine hizo ni wagonjwa wa saratani, jambo ambalo sina kinyongo nalo.

Kwa mdogo wangu jibu ni tofauti. Kovu lake ni changa na bado linabadilika, kwa hiyo muda uko upande wake, ila lina hatari ambayo langu halina: limepita kwenye kiwiko na linavuta, naye hawezi tena kuunyoosha mkono kikamilifu anapoivuta kamba ya wavu. Kovu linaloshika kiungo halisubiriwi. Linahitaji mazoezi ya kunyoosha kila siku, kibanio cha kuvaa usiku, kukandwa, na karatasi ya silikoni inayobandikwa kwa angalau saa 12 kwa siku kwa miezi mitatu au zaidi. Na kama kiwiko hakitafunguka, daktari mpasuaji anaweza kulikata kovu kwa umbo la herufi Z ili kulirefusha, na hapo mvutano unapopungua kovu lenyewe huanza kulainika. Nilipomwuliza ni nani aliyemfundisha mazoezi ya mkono siku alipotolewa wodini, alijibu kwamba hakuna.

Aliniuliza kwa nini basi nisimwambie moja kwa moja kwamba seli za mafuta ni uongo. Nilimjibu kwamba si uongo. Naamini kabisa kwamba ipo siku mtu atatengeneza, kutokana na kile ambacho seli hizi hutoa, dawa ya kudunga ambayo haitahitaji kunyonya mafuta ya mtu yeyote, na nitafurahi kuwa miongoni mwa watakaoidungwa. Lakini aliyemtumia tangazo lile anamwuzia siku hiyo kana kwamba imeshafika, na anataka mtumbwi wake.

Tulikubaliana mambo mawili. Kwanza, tunapima. Nimemtumia picha ya jedwali la Vancouver, ambalo madaktari hulitumia kulipa kovu alama kuanzia 0 hadi 13 kwa rangi, wekundu, unene na ulaini wake, na mke wake atalipima kovu kila mwisho wa mwezi kwa rula ileile na kupiga picha karibu na dirisha lilelile. Pili, hauzi kitu chochote kabla hajaonana na watu wa mazoezi ya viungo. Alhamisi ijayo atapanda daladala ya asubuhi kutoka Igombe, nitampokea stendi, na tutapanda pamoja kilima cha Bugando, yeye kwa ajili ya kiwiko chake na mimi kwa ajili ya sindano yangu ya sita. Nimemwambia asijipake mafuta mkononi siku hiyo, maana silikoni haishiki kwenye ngozi yenye mafuta.